Kabla ya kumnyang'anya mwanao riwaya, isome

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tujibu swali tuliloulizwa huku kwetu Kongwa, na ambalo baadaye tuligundua kwamba linawasumbua wazazi wengi kuliko tulivyodhani: je, inafaa kijana wa Kiislamu kusoma riwaya? Na kama inafaa, asome zipi?

Swali lenyewe lilitujia namna hii. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Ijumaa, ndugu mmoja alitungoja nje ya msikiti huku ameficha kitu ndani ya koti. Watu walipopungua akakitoa. Kilikuwa kitabu kilichovishwa jalada la gazeti.

"Shekhe," alituambia, "hiki nimemkuta nacho binti yangu usiku, anakisoma kwa tochi ya simu. Nimekifungua katikati nikakuta ulevi na mapenzi. Nimemnyang'anya, na hii ni wiki ya tatu hasemi nami. Nakuomba uje nyumbani utamke tu mbele yake kwamba ni haramu, yaishe."

Tukalifungua lile gazeti. Kitabu kilikuwa Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Tukamuuliza, "Umekisoma?" Akajibu kwamba kitu cha haramu hakionjwi. Tukamwambia kuwa hata kadhi hatoi hukumu kabla ya kuusikiliza upande wa pili, basi atuachie kitabu kwa siku saba.

Hatukumjibu hivyo kwa kuwa sisi ni wajuzi zaidi yake. Tulimjibu hivyo kwa sababu kosa lake tuliwahi kulifanya sisi, tena kwa ukali zaidi. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, tukifundisha madrasa, tulimkamata kijana ameweka ndani ya juzuu yake kitabu cha Willy Gamba, yule mpelelezi wa marehemu Elvis Musiba. Tulikichana mbele ya wenzake. Kijana yule aliokota juzuu yake, akaibusu, akaondoka, asirudi tena. Leo ni mtu mzima mwenye duka Kibaigwa. Tukikutana hutuamkia kwa adabu zote, lakini watoto wake hasomeshi kwetu. Angekuwa ameiweka juzuu chini na kitabu kile juu yake, labda tungekuwa na la kusema. Lakini hatukuuliza lolote, tulichana tu.

Turudi kwenye swali. Wanaokataza riwaya hutegemea aya ya 6 ya Sura Luqman, inayomkemea mwenye kununua maneno ya upuuzi ili awapoteze watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa aya hiyo ilimhusu Nadhr bin Harith, Mquraishi aliyekuwa akileta visa vya wafalme wa Kiajemi, visa vya akina Rustam na Isfandiyar, na kuvisimulia Makka ili watu wasimsikilize Mtume (S.A.W.). Wengine, akiwemo Ibn Mas'ud (R.A.), wameifasiri kuwa inakusudia nyimbo. Kwa tafsiri yoyote utakayoichukua, aya imetaja lengo, nalo ni kupoteza watu. Nadhr hakukemewa kwa kujua hadithi za Rustam. Alikemewa kwa kuzifanya pazia la kuwazuilia watu haki.

Hoja ya pili husema kwamba riwaya ni uongo, na uongo ni dhambi. Hoja hii ina uzito wake, wala si ya kudharauliwa. Lakini mwongo hutaka umsadiki. Mtunzi wa riwaya ameandika juu ya jalada kwamba hii ni hadithi, na msomaji ameinunua akilijua hilo, basi hakuna aliyedanganywa. Wanazuoni wetu walilitambua jambo hili zamani. Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, aliitunga Maqamat yake kwa visa vya kubuni vya mzee mmoja laghai mwenye ufasaha wa ajabu, na kitabu hicho kikasomeshwa karne kwa karne kwa wanafunzi wa Kiarabu. Katika dibaji yake alijitetea kwa kuuliza ni nani aliyewahi kuzikimbia hadithi ambazo wanyama husema ndani yake, akakumbusha kwamba amali huangaliwa kwa nia. Hadithi hizo za wanyama ni za mfano wa Kalila wa Dimna, aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8. Naye Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na swala jike kisiwani peke yake, akafikia kumjua Muumba wake kwa kutafakari. Tulipokisoma kisa hicho chuo kikuu tulishangaa kwamba miaka yote ya madrasa hakuna aliyetutajia. Hata hivyo, hatuvilinganishi visa vya kubuni na visa vya Qur'ani, ambavyo ni vya haki, na ambavyo kimojawapo, cha Nabii Yusuf (A.S.), kimetajwa katika aya ya 3 ya sura yake kuwa ni katika masimulizi yaliyo bora kabisa. Tunachosema ni kwamba kufundisha kwa kisa si jambo geni kwetu.

Basi tukaisoma Vuta N'kuvute kwa siku tano. Riwaya hii ilitoka mwaka 1999, na kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile zinazosomwa na wanafunzi wa Kiswahili wa kidato cha tano na cha sita. Binti yule alikuwa kidato cha tano, kwa hiyo baba yake alikuwa amemnyang'anya kitabu cha mtihani. Ulevi umo, kama alivyosema. Mapenzi nje ya ndoa yamo, na hatutamficha msomaji. Lakini baba alikifungua katikati, na kitabu kinaanza mwanzo. Mwanzoni mwake yumo Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja mwenye umri wa miaka 15, anayeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyepita miaka 50, bila ya mtu kumuuliza moyo wake unasemaje. Anapelekwa Mombasa. Anatoroka na kurudi kwa jamaa zake, nao wanamfungia mlango. Yote yanayofuata, pamoja na hayo yaliyomchukiza ndugu yetu, yanatokana na mlango huo uliofungwa.

Katika kurasa hizo za mwanzo tulikuta kipande cha bua la mtama kilichowekwa kuwa alama.

Siku ya saba tulimwita baba. Tulimsimulia kisa cha Yasmin bila ya kuongeza wala kupunguza, kisha tukamuuliza kama nyumbani kwake pana jambo. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema kwamba yupo mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa, mtu mzima, mwenye uwezo, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yamekwisha kuanza. Binti alikuwa hajaambiwa. "Lakini nyumba zetu hizi, Shekhe, ukuta mmoja," alisema.

Tulimkumbusha Khansaa bint Khidam (R.A.), ambaye baba yake alimwoza kwa mtu asiyemridhia, akamwendea Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikavunjwa, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari. Tulimkumbusha pia kwamba sheria ya nchi, kwa marekebisho ya mwaka 2016, inakataza kumwoa au kumwoza mwanafunzi, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Lakini kilichomgusa zaidi, kwa maneno yake mwenyewe, ni kujua kwamba binti yake alikuwa amelala na kisa kile chini ya mto wiki nzima kabla ya yeye kukigundua, akitafuta humo la kumwambia baba. Alirudi nyumbani na kitabu mkononi. Posa ilirejeshwa kwa heshima. Hatusemi kwamba baba na binti walipatana siku ile ile. Mama yake alitueleza kuwa ilichukua hadi mwisho wa likizo.

Siku chache baadaye ndugu yetu alirudi na ombi jipya. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 13 nyuma ya yule binti, na alitaka tumtajie vitabu ambavyo mtoto huyo angeweza kusoma, na vile ambavyo dada yake angeweza kusoma baada ya hicho. Tulimtajia vifuatavyo, nasi tunavitaja hapa kwa wazazi wote wa ukurasa huu.

Kwa yule mtoto wa miaka 13 tulianza na Bwana Msa. Mohamed Said Abdulla, aliyekuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, alishinda kwa Mzimu wa Watu wa Kale katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni. Watu wanahofu, wananong'ona, kila mmoja ana la kusema juu ya mizimu. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakuja na kuanza kuuliza maswali kama ambavyo mwenye akili huuliza: nani alikuwa wapi, saa ngapi, kwa faida gani. Sisi tumesimama kwenye mimbari miaka mingi tukikataza kuitegemea mizimu na waganga wa ramli, na tunakiri kwamba baadhi ya vijana wamelielewa somo hilo kwa Bwana Msa upesi kuliko kwa hotuba zetu. Kijana anayezoea kuuliza nani amefanya na kwa nini, hatakuwa mwepesi wa kumnyooshea kidole bibi kizee wa jirani kila mtoto anapougua. Kiswahili chake nacho ni cha kunywa kama maji ya dafu.

Kisha tukataja vya Shaaban Robert. Wachache wanajua kwamba gwiji huyu wa Tanga aliwahi kuishi jirani yetu. Katika miaka ya 1940 alifanya kazi Mpwapwa, katika idara ya mifugo, wakati ambapo Kongwa yetu ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Kwa watoto wadogo kidogo upo Adili na Nduguze, kisa cha mtu mwema na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa manyani kwa ubaya wao. Mtoto anayekijua kisa cha Nabii Yusuf na nduguze atakipokea haraka. Kwa wakubwa ipo Kusadikika, nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha elimu ya sheria, na katika kujitetea anawasimulia watawala habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa, wakarudi nayo, wakatupwa gerezani.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tuseme jambo la kwetu. Kusadikika kilichapishwa mwaka 1951. Mwezi Januari wa mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliuzika rasmi mradi wa karanga, ule ulioanzia hapa Kongwa mwaka 1947. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, nao wakaanza hapa, Urambo na Nachingwea. Waliyaleta matrekta, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Ardhi yetu ikikauka huwa ngumu kama saruji, na mvua yetu haina ahadi, jambo ambalo bibi yeyote wa Kigogo angewaambia bure. Zikapotea paundi zipatazo milioni 36. Tumewahi kuwasomea vijana wa kidato cha tatu sura moja ya Kusadikika, kisha tukawaeleza habari za karanga. Mmoja akauliza, "Kwani wajumbe wa hapa walifungwa gereza gani?" Tangu siku hiyo hatuna wasiwasi juu ya uwezo wa vijana kuelewa riwaya ya mafumbo.

Kwa kijana anayeona kulima ni aibu na ndoto yake ni kupanda basi pale Mbande aelekee Dar es Salaam, Shaaban Robert ana Utubora Mkulima, mtu aliyeacha kazi ya mshahara mjini akaenda kushika jembe. Si kitabu cha kasi, na kijana aliyezoea simu atalalamika. Mwache alalamike, amalize.

Pia tusimsahau mwenyeji wetu. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917, anajulikana zaidi kwa ushairi, lakini ametuachia Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili, cha mwaka 1961. Hakuwa Muislamu, na hilo halizuii kitu. Kiswahili chake kimetoka katika vumbi hili letu, na mtoto wa Kongwa anayedhani kwamba Kiswahili kizuri lazima kitoke pwani na akione.

Vitabu vya shule vya kidato cha tatu na cha nne wazazi huviona vya mtihani tu, lakini viwili vinafaa kusomwa na familia nzima. Takadini cha Ben Hanson ni habari ya mama anayekimbia kijiji na kichanga chake kwa sababu amezaliwa na ualbino na mila inataka auawe. Katika nchi ambayo ndugu zetu wenye ualbino walikatwa viungo kwa imani za kishirikina, hasa kuanzia mwaka 2007, hiki kingefaa kusomwa hata msikitini baada ya darsa. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo ni habari ya watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa karo na sare huku baba yao akinywa pombe. Hapo mwenye kuhitaji somo ni baba kuliko mtoto.

Tumfikie sasa yule binti, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja wa shule. Tulimpa Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Rehema ni binti asiyependwa katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Anakimbia, anapita katika dhiki nyingi, na hatimaye anaolewa na Sulubu, mkulima maskini mwenye utu. Baba anapofariki, jamaa wanaligeukia shamba la Ramwe. Sisi hukisoma kitabu hiki kama mwalimu wa mirathi. Aya ya 7 ya Sura Nisaa imempa mwanamke fungu lake wazi, lakini aya peke yake haimwonyeshi kijana jinsi ndugu wanavyokunja nyuso wakati wa kugawa. Riwaya inamwonyesha.

Na kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri, tulimwahidi pia Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Tafsiri ilitoka mwaka 2022. Ndani yake yumo Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayetolewa na baba yake kwa mfanyabiashara tajiri aitwaye Aziz ili kulipa deni. Msomaji wa Qur'ani akiona majina hayo mawili, na baadaye akimwona mke wa tajiri, atajua mtunzi ameketi juu ya kisa gani. Msafara wao unaingia bara kama ilivyoingia misafara ya kweli ya zamani, ile iliyopita Mpwapwa na kuivuka Ugogo kuelekea Tabora. Yamo mambo ya watu wazima, kwa hiyo tungependa asome aliyetimiza miaka 16, na mzazi awe amepita kwanza.

Huenda mtu akauliza juu ya Rosa Mistika cha marehemu Euphrase Kezilahabi, ambacho kiliwahi kuzuiwa shuleni. Hatukumpa binti yule. Tulimpa baba yake. Kina baba aitwaye Zakaria, mlevi, mkali kwa mabinti, ambaye anamkuta Rosa na barua ya mvulana na kumpiga vibaya sana. Mengine ayasome mwenyewe.

Juu ya Willy Gamba bado hatujatulia. Vita vyake ni vya ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Kongwa hii ndiyo iliyowapa kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC na SWAPO katika miaka ya 1960, kwa hiyo hatuwezi kusema havituhusu. Lakini chupa na wanawake vimezidi kipimo. Tusingempa wa miaka 13. Wala, hata hivyo, tusingekichana.

Kinachotutia hofu zaidi ni hadithi za kwenye simu, zile zinazotumwa sehemu baada ya sehemu katika makundi ya WhatsApp, msomaji akitakiwa kulipa ili apate inayofuata. Nyingine ni nzuri. Nyingi hazina mhariri wala umri, na baba hawezi kuzikuta chini ya mto. Mzazi anayekinyang'anya kitabu cha karatasi ajue mtoto atakwenda wapi.

Kuhusu upatikanaji, vitabu hivi vingi vinapatikana kwa kuazima katika maktaba za shule, na ipo Maktaba ya Mkoa pale Dodoma mjini. Vichache tumenunua sisi na kuviweka katika sanduku la madrasa, na anayeazima anaandika jina lake katika daftari.

Yule mtoto wa miaka 13 aliuchukua Mzimu wa Watu wa Kale. Nyumbani kwao yuko bibi, ambaye macho yake yaliharibiwa na vikope, ule ugonjwa wa trakoma uliowatesa sana wazee wa Kongwa na kuwaleta watafiti hapa tangu miaka ya 1980. Bibi hajawahi kusoma kitabu maishani. Mtoto alianza kumsomea kila baada ya sala ya Isha, kurasa chache. Wiki ya tatu baba yao alitutumia ujumbe kwamba Bwana Msa amekwisha, mwenye hatia amejulikana, na bibi anadai yeye alimjua tangu mapema ila hakutaka kumharibia mjukuu. Akauliza kama kipo kingine cha mtu huyo huyo. Kesho yake tulimpa kondakta wa basi dogo Kisima cha Giningi, kimefungwa kwa gazeti.